Majina ya Ng'ombe

Mwalimu Hajarah alikuwa na kitabu kimoja, watoto wengi kuliko mkeka wao, na subira iliyosifiwa zaidi na watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasani kwake. Kitabu kilikuwa cha picha za wanyama. Kaka yake Siraje, mchuuzi wa samaki pale Masese, alikikuta Jinja katika mzigo wa karatasi za kufungia mukene, yaani dagaa, akaona haya kukichana. Ndiyo maana simba wa kitabu kile alinuka dagaa, na watoto wa Namatala, mtaa wa Mbale alikofundisha, waliamini kwamba simba wote wananuka hivyo.

Watoto wenyewe walitoka katika kila kabila lililokimbilia Mbale wakati wa vita, kila mmoja na lugha ya mama yake, kwa hiyo Hajarah aliwafundisha kwa Kiswahili. Wazazi walinung'unika. Kiswahili walikijua sana: ndicho kilichowagongea milango na kuwaamuru walale chini. Hajarah aliwaambia kwamba kwao Jinja walikitumia hata kubembelezea watoto, na kama askari walikitia ubaya, kosa si la lugha. Wazazi wakaendelea kuleta watoto, si kwa ajili ya hoja hiyo, bali kwa ajili ya uji.

Na uji ndio uliokuwa mashakani. Unga wa msaada ulikuwa umewekwa katika ghala la jela, kwa kuwa mjini kote haikupatikana kufuli nyingine ya kuaminika. Mtunza ghala, Afande Matia, askari wa zamani, alikuwa ameagizwa kuzunguka na kuhakikisha kwamba kila anayeomba unga anafundisha kweli, maana walishatokea walimu walioazima watoto wa jirani. Asiporidhika, hakuna unga. Bila unga hakuna watoto. Hajarah hakujidanganya kuhusu utamu wa masomo yake.

Mtindo wake ulikuwa mmoja. Anaonyesha picha, anauliza, "Hii ni nini?" Mtoto akipatia, anamwambia, "Sema." Akishasema: "Tena." Kwa njia hiyo walimmudu tembo, wakammudu twiga, wakammudu hata kifaru. Wanyama ambao hakuna aliyewahi kuwaona hawakuwa na matata yoyote. Matata yalikuja na wanyama wa nyumbani.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ya jaja," alijibu mtoto mmoja kuhusu kuku, akimtaja bibi yake. "Waaskari walikula."

Mbuzi naye aliliwa. Bata alipakiwa kwenye lori. Na walipofika ukurasa wa ng'ombe, Geresom, kitoto cha miaka sita kutoka bondeni chini ya mlima, alisimama akaweka kidole juu ya ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe, akasema, "Hii Janepher."

Mama yake, Namono, ndiye aliyekuja kueleza. Janepher alikuwa shangazi wa Geresom. Alipoolewa, mahari yake ilileta ng'ombe mweusi mwenye baka, na kule kwao ng'ombe wa mahari hupewa jina la bibi harusi, ili wanaokunywa maziwa wamkumbuke aliyeondoka. Janepher shangazi alikuwa mzima, anauza nyanya sokoni. Janepher ng'ombe alichukuliwa na jeshi lililoshindwa, likikimbilia kaskazini.

"Pole sana," alisema Hajarah. "Lakini Geresom, huyu ni ng'ombe. Sema."

"Janepher."

"Tena."

"Janepher."

Utii hakukosa. Kilichokosekana ni neno. Laiti wote wangekuwa kama Khainza, alijisemea Hajarah. Khainza alitoka bonde lile lile, lakini alitamka "ng'ombe" mara ya kwanza tu alipoulizwa, taratibu, bila hadithi.

Siku ya Afande, Hajarah akamweka Khainza mbele na Geresom nyuma ya nguzo. Lakini mipango si matumizi. Matia aliingia na buti zake, akakaa kwenye benchi la watoto magoti yakimfika kifuani, akakichukua kitabu mwenyewe. Akafungua popote, akainua macho, akakiona kichwa kinachochungulia nguzoni.

"Wewe. Hii nini?"

"Janepher."

Matia alimtazama mwalimu. Hajarah akaeleza yote mbio mbio, mahari, shangazi na nyanya, jasho likimtoka. Hajamaliza, Geresom akatoka nyuma ya nguzo.

"Afande, ni wewe ulikula yeye?"

Hajarah aliuona uji ukiondoka. Miaka ile kila mtu wa Mbale alijua kwamba yapo maswali asiyoulizwa mtu mwenye buti, na hilo lilikuwa la kwanza. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Matia hakukasirika. Aliinamia picha akaikagua pembe, mgongo na mkia, kama anayepokea mzigo ghalani.

"Hii hapana," alisema. "Wakati ya kukimbia tulikula ng'ombe, ndiyo. Lakini hii nyeusi mimi hapana kula. Ile ya mimi ilikuwa kahawia. Pembe moja imevunjika."

Geresom alifikiri. Kila mkubwa aliyeulizwa naye habari za Janepher alimwambia anyamaze au ale. Huyu alikuwa wa kwanza kumjibu.

"Sawa," alisema. "Basi hii ni ng'ombe."

Hajarah nusura akae chini kwa furaha. "Tena," alisema.

"Ng'ombe."

Unga waliupata, nikutoe wasiwasi. Matia alisema pale pale kwamba mwalimu apelekewe magunia. Alikuwa anajiandaa kuinuka Khainza aliponyoosha mkono. Hakuwahi kuunyoosha kabla.

"Pembe ya kushoto," alisema Khainza.

Matia akakaa tena. "Ya kushoto," alikubali.

"Ilikuwa inalala karibu na jiko."

"Ndiyo. Ilikuwa karibu na jiko."

"Ile haikuwa ng'ombe."

Hajarah alitaka kumkanya, akajizuia. Mtoto huyu alikuwa amelitamka neno lile vizuri muda wote huo, na yeye akampigia makofi.

"Ilikuwa nini?" aliuliza Matia.

"Maximilla. Dada yangu alipoolewa." Khainza alitoka mkekani akaenda kusimama mbele yake. Pale kwenye benchi la watoto, macho yao yalikuwa sawa.

"Sema," alimwambia.

Afande alimtazama mwalimu, lakini mwalimu hakumsaidia.

"Maximilla," alisema Matia.

"Tena," alisema Khainza.