Ajuza Uliyenilea

Kabiru aliiba maombolezo niliyomtungia mama yangu, akamtukana mama ndani yake, kisha akayauza. Sikumhurumia siku ile, na leo pia simhurumii.

Mimi nilikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku mashine zikinguruma. Mama alipofariki nilitunga beti kumi na mbili, nikampelekea Kabiru azipige taipu ili tuwagawie watu kanisani. Ofisi yake ya uchapaji ilikuwa ghorofani, katikati ya mji wa Eldoret, na mwaka huo wa 1989 alikuwa amenunua kompyuta. Beti zangu zilianza hivi:

*Mama uliyenilea, mbona mapema waenda*

Miezi mitatu baadaye Waceke, karani wake, ambaye alikuwa jirani yetu mtaani Munyaka, aliniletea kijitabu. Jalada lilisema *Machozi ya Kabiru*. Nikafungua.

*Ajuza uliyenilea, kwa nini mapema waenda*

Ajuza! Mama yangu Perez alikufa na miaka arobaini na sita, nywele zote nyeusi.

"Ni ile kompyuta," Waceke alisema. "Ameiwekea orodha ya maneno na visawe vyake. Anabonyeza mara moja, kila neno la orodha linabadilishwa. Hata hasomi. Anasema mashine haikosei."

Nilipanda ngazi za Kabiru mbili mbili.

"Oketch! Karibu kiti," alisema.

"Sikai. Hili shairi ni langu."

"Lako? Lako linaanza na nini?"

"Mama."

"Na langu?"

Nilishindwa kulitamka.

"Umeona? Kijana, nenda kortini na neno lako moja. Jaji atakucheka mpaka alie." Akanipigapiga begani. "Rudi kiwandani ufume blanketi."

Usiku na mchana nililala na kuamka na mkono ule begani. Nililinganisha daftari langu na kijitabu chake, mstari kwa mstari. Palipokuwa na mama, yeye ana ajuza. Pangu *Mzee wangu kalia, jogoo lilipowika*. Pake *Kikongwe wangu kalia, kuku lilipowika*. Mashine haikuruka hata mahali pamoja. Mzee alikuwa kikongwe kila mahali, jogoo alikuwa kuku kila mahali. Nikacheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Wakati huo mji mzima ulijua kwamba Mzee Kimeli, mwenyekiti wa tawi la Chama, chama cha jogoo, angefungua ukumbi mpya mtaani Pioneer Jumamosi, na kwamba Kabiru ameahidi kumkaribisha kwa shairi. Waceke aliniambia Kabiru hajaandika hata herufi. Nikatunga beti saba za sifa, kwa ufundi wangu wote, na Alhamisi nikampelekea.

"Nimekuja kwa heshima," nilisema, macho chini. "Unipigie taipu hii. Nataka kuipeleka kwa Mzee Kimeli wiki ijayo."

Kabiru aliutupia jicho mstari wa kwanza. Midomo yake ilicheza.

"Kazi ni mingi. Kuja Jumatatu."

"Asante sana, mkubwa."

Jumamosi nilikaa safu ya tatu. Mzee Kimeli alikuwa jukwaani na fimbo yake, vijana wa Chama wamesimama mlangoni. Kabiru alipanda na suti mpya, akafungua karatasi na kusoma kwa sauti ya mhubiri:

"*Kikongwe wetu Kimeli, kuku letu shujaa…*"

Mtoto mmoja alicheka, akafinywa. Kabiru aliitazama karatasi kana kwamba imemuuma.

"Rudia," Mzee Kimeli alisema.

"Mzee, hapa kuna makosa kidogo…"

"Kuku ni nani?"

"Si mimi, Mzee! Ni kompyuta!"

"Kompyuta iko na kadi ya Chama?"

Watu walitaka kucheka, wakaogopa. Jasho lilimtiririka Kabiru hadi kwenye kola. Ndipo akaniona. Akanyoosha kidole.

"Shairi ni la Oketch! Yule pale! Mimi nilibadilisha maneno tu!"

Nilisimama. Sikuwa na karatasi, wala sikuihitaji.

"*Mzee wetu Kimeli, jogoo letu shujaa, ukiwika twakubali, mji mzima wang'aa.*"

Beti zote saba, bila kukwama. Makofi yalipopungua nilimgeukia Kabiru.

"Na lile la mama yangu?"

"Oketch, ndugu yangu…"

"Sema."

"Na lile pia ni lako."

"Kwa sauti. Wanaume wa nyuma hawajasikia."

"Ni lako! Kijitabu chote niliiba!" Sauti ilimpasuka kama ya mvulana.

Vijana wa Chama walimshika kwapani, wakamtoa. Aliponipita aliniangalia akitaka niseme kitu. Nilimwangalia tu mpaka mlango ukafungwa.

Mzee Kimeli aliniita mbele, akanishika mkono.

"Kijana una kipaji. Mwezi ujao tuna sherehe kubwa. Uniletee lingine kama hili."

Ukumbi mzima ulikuwa ukinisikiliza, na nilijua jibu linalotakiwa.

"Sina lingine, Mzee," nilisema. "Hili nilimtungia Kabiru."