Bibi Ana Uchungu

Mke wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa saa nne asubuhi, na mimi nikaenda kumtafutia gari kwa Kiswahili ambacho Shelui hawakitumii.

Kwetu Bungoma, Kenya, mke ni bibi. Baba yangu alimwita mama bibi, chifu alimwita wake bibi, na hakuna aliyezeeka ghafla kwa kuitwa hivyo. Hapa Shelui, mkoani Singida, bibi ni mama wa mama yako. Loyce, ambaye ndiye aliyenileta huku kwao, alinionya tangu mwanzo: "Simiyu, usiniite bibi mbele za watu, sina hata mvi moja." Nikamwambia watanizoea. Kiswahili changu cha darasa la sita kilikuwa kimetosha kufungua banda la kuziba pancha, sikuona kwa nini nianze kujifunza upya.

Nao walinizoea kweli. Kila niliyemwambia naitwa Simiyu alijibu, "Sawa, mkoa tumeusikia. Jina sasa?" Dukani nikisema "nipe soda", muuzaji aliniangalia kama nimemshikia panga. Huku soda unaiomba, unailipia, halafu unashukuru kwa kuruhusiwa kuilipia. Na salamu! Dereva ana tairi limelala na nyanya zinamwozea nyuma, lakini usipomuuliza habari za safari, za alikotoka na za uchovu, anavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine, ambaye kuziba hajui ila kuuliza anajua sana.

Hayo yote niliyameza. Lakini Loyce alikuwa ameshapoteza mimba mbili, na nesi alimwambia hii ya tatu asithubutu kuzalia nyumbani. Uchungu ukianza tu, hospitali Kiomboi. Mama mkwe alikuwa msibani Manyoni. Pikapu ya karibu ilikuwa ya mzee Andrea, mnunuzi wa vitunguu. Nilikimbia.

Nilimkuta anafunga kamba juu ya mzigo.

"Mzee, nipe gari! Bibi ana uchungu!"

Aliendelea kufunga kamba. "Siku hizi shikamoo imefutwa?"

"Shikamoo. Bibi ana uchungu."

"Marahaba. Za nyumbani?"

"Za nyumbani ndizo hizo! Bibi ana uchungu!"

Hapo akaacha kamba, akanisogezea kigoda. "Kaa. Umemuudhi na nini?"

"Nani?"

"Bibi yako. Wazee hawashikwi na uchungu hivi hivi. Mnunulie ugoro na kitenge, moyo utalainika."

"Mzee, analia! Anapiga kelele!"

"Wangu alipiga kelele mpaka tukamzika. Wako ana miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

Mzee Andrea alinitazama usoni. Ungeona anavyohesabu kichwani: umri wangu, umri wa mama yangu, umri wa huyo bibi. Hesabu ikagoma.

"Wakenya," alisema kwa huruma.

Mkewe, mama Luciana, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Bibi gani tena, we mzee? Si Loyce huyo! Mkewe! Anazaa! Washa gari!"

"Kumbe mke!" Mzee alinigeukia, kakasirika kweli. "Sasa si ungesema mke?"

Mzigo hakukuwa na muda wa kuushusha wote. Mama Luciana aliangusha gunia moja kupata nafasi, tukampitia Loyce nyumbani, tukamlaza juu ya mengine, mimi na mama Luciana tukakaa pembeni yake. Kila uchungu ulipompumzisha kidogo, Loyce alifumbua macho, akanitafuta, akasema, "Nilikwambia." Kisha unaanza tena. Nikamshika mkono. Maneno yangu siku hiyo yalikuwa yameshafanya kazi ya kutosha.

Katikati ya mlima Sekenke mama Luciana akapiga bodi kwa kiganja. "Simama! Kichwa hiki hapa!"

Mzee Andrea akasimama, akashuka, akatugeuzia mgongo kwa heshima. Lori likasimama nyuma yetu. Utingo akachungulia, akauliza kuna nini.

"Habari za safari?" mzee alimjibu kwanza.

"Njema, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mnatoka wapi?"

Salamu zao zilikuwa zimefika kwenye hali ya mvua huko Nzega mtoto alipotoka. Hakulia. Mama Luciana akamgeuza, akampangusa mdomo, akamchapa nyayo. Ndipo mtoto akalia, kelele ya mtu aliyecheleweshwa na watu wazima. Msichana. Loyce alicheka na kulia, akanivuta shati, akasema mtoto atafunikwa kwa hilo, nivue.

Tuliendelea hadi Kiomboi. Waliwapima wote wawili, wakasema wazima.

Gharama zake ni hizi. Magunia manne ya vitunguu, ambayo Shelui ilikataa kuyanunua ilipojua yalilaliwa na nani. Vitenge viwili vya mama Luciana. Shati langu jema. Jogoo wa shukrani, ambaye mzee Andrea alimpokea kwa mikono miwili kisha akasema ni mdogo. Na jina: nilimpa mwanangu Nekesa, jina la mama yangu, na hakuna anayelitumia. Mji mzima, pamoja na mama yake, unamwita Bibi.