Zamu ya Jumapili

Wimbo wa kuingia ulipoanza kutoka kwenye televisheni ya parokia, ukumbi mzima ulicheka. Hakukuwa na dharau. Watu walicheka kama unavyocheka ukikutana na jirani yako wa huku kwetu Uru katikati ya Kariakoo. Ulikuwa wimbo wetu wenyewe, tuliouimba kila Jumapili padre akipanda altareni, ila sasa ulikuwa umekonda na kukauka, na ulitoka kwenye kisanduku cheusi cha plastiki kilichoenea juu ya meza ndogo ya katekista.

Mdogo wangu Emilian alisimama kando ya meza, mikono nyuma, akitutazama mmoja mmoja usoni kuona kama tumependa. Kwenye kiti, zamu yake ilipofika, alikaa Mzee Sirili, vidole vyake vinene vikihangaika kutafuta vibonyezo. Baba alikuwa benchi la mbele kabisa, kama ilivyompasa mwenyekiti wa mfongo. Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi, mwaka tisini na moja. Nikiulizwa nyumba yetu iligawanyika lini, nasema ni mchana ule, watu wakicheka.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kompyuta ya Kijapani. Emilian alikipata Tarakea, kwa mfanyabiashara aliyekivusha kutoka Kenya pamoja na redio mbovu, akidhani ni taipureta iliyopotelewa na sehemu ya kuwekea karatasi. Wakati huo Emilian alikuwa fundi redio mjini Moshi. Alikaa nacho miezi mingi kabla hakijamwambia lolote. Kwenye vibonyezo kulikuwa na herufi zetu, na pembeni yake herufi za Kijapani, na kitabu chake kilikuwa cha Kijapani kitupu. Mwishowe akapata kwa mtu wa Arusha kitabu cha Kiingereza chenye kurasa zilizochanika, na tangu hapo hatukumpata tena. Ukimwita kula, anakuja na sahani anarudi nayo chumbani.

Kompyuta ile haikuwa na kioo chake. Ilichomekwa kwenye televisheni, na kwa kuwa televisheni ya parokia haikuelewana na Wajapani, picha ilitoka nyeusi na nyeupe tu. Kazi yake yote Emilian aliihifadhi kwenye kanda za kawaida za kaseti. Mama alipoweka moja kwenye redio akidhani ni ya kwaya, ilimpigia kelele mpaka akaizima na kujifanyia ishara ya msalaba.

Lakini ilijua kuimba. Ilikuwa na sauti tatu. Emilian alinikalisha kitandani kwake, mimi soprano wa kwaya, akaniambia, "Dada Eva, niimbie sauti ya kwanza, polepole." Nikaimba, yeye akageuza nota zetu za do-re-mi kuwa herufi ambazo mashine inazielewa. Kisha sauti ya pili, kisha besi. Sauti ya tatu, ile ya tena, haikupata nafasi. Nikamwambia si neno, hata kwaya yetu haikuwa na tena wa maana. Alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nampenda mdogo wangu kupita kiasi, na sioni sababu ya kuficha hilo.

Mchezo alioutunga aliuita Mfongo. Asiye wa kwetu huenda asijue mfongo ni nini. Ni mfereji uliochimbwa na mababu, unaoteremsha maji ya mlima mpaka kwenye migomba na kahawa zetu. Kila nyumba ina zamu yake. Zamu yako ikifika, unatoa kizibo cha tope na gogo la mgomba, maji yanaingia kwako. Zamu ikiisha, unaziba. Anayefungua nje ya zamu ni mwizi, tena mwizi mbaya kuliko wa kuku, kwa sababu anaiba kwa watu wote wa chini yake kwa mara moja.

Kwenye mchezo, Emilian alichora mfongo wetu kama ulivyo. Nyumba zilikuwa pembetatu, migomba ilikuwa vijiti vyenye masikio, na mti mkubwa wa mringaringa kwenye mpaka wa shamba la Mzee Sirili ulikuwa pale pale unapostahili. Mchezaji alikuwa kijitu kimoja chenye jembe. Kazi yake ni kufikisha maji kwenye shamba la chini upande wa kushoto kabla kahawa haijakauka. Watu waliutambua mfongo mara moja. "Hapo kwa Filemon!" mtu akasema nyuma. "Na ile kona inayobomoka kila masika!" Katika vicheko hivyo hakuna aliyeuliza kwa nini shamba la upande wa kushoto ni letu.

Pamela wa kwaya alicheza akashindwa. Filemon akashindwa. Ndipo vijana wakamsukuma Mzee Sirili mbele, maana alikuwa mtu wa utani na katika ujana wake aliwahi kuwa mlinzi wa mfongo.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Miaka kumi na mmoja kabla ya siku ile, watu wa chini walilalamika kwamba maji ya Jumapili hayawafikii. Kila walipotoka kanisani walikuta mfongo umenywea. Kizibo kilichofunguliwa kilikuwa kile cha kwenye mringaringa, mpakani mwa Sirili. Kikao cha mfongo kikauliza jambo moja tu: ni mtu mzima gani hayupo misa ya saa nne? Sirili hakuwepo. Mkewe Salvina alikuwa amevimba miguu, hakuweza kupanda mlima, naye alibaki nyumbani kumwangalia. Alisema hivyo mbele ya kikao, akaapa, lakini hakusadikika. Akatozwa mbuzi na pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, na akanyimwa zamu kiangazi kizima. Aliyetamka hukumu alikuwa mwenyekiti, Basili, yaani baba yangu.

Kahawa ya Sirili ilikauka mwaka ule. Salvina alipofariki, watu walikuja kuzika, wakanawa mikono, wakaondoka. Matanga walikaa wenyewe, Sirili na watoto wake. Emilian hakuyaona hayo wala kuyasikia. Alikuwa ameshapelekwa seminari ndogo kabla kikao hakijakaa, na aliporudi likizo, hilo lilikuwa jambo ambalo nyumbani kwetu halizungumzwi.

Sasa basi, ukumbini, Sirili alikuwa amejaribu mara mbili na kahawa imekauka mara mbili. Vijana wanamtania. Emilian akamwinamia, kwa heshima na furaha ya fundi anayefundisha.

"Usifungue sasa, mzee. Subiri wimbo. Wimbo wa kuingia ukianza, nyumba zote zinakuwa tupu. Hapo unakimbia mpaka kwenye mringaringa, unatoa kizibo."

Sirili aliondoa vidole kwenye vibonyezo. "Nani alikufundisha hivyo, mwanangu?"

"Si ndivyo tulivyokuwa tunafanya," Emilian akasema. "Mimi nasali misa ya kwanza, kisha saa nne, wao wakiwa kanisani, naenda kufungua kama baba alivyonituma. Ilikuwa zamu yetu ya Jumapili."

Alisema hivyo akitabasamu. Alikuwa na miaka kumi alipopewa kazi ile, akaambiwa ni zamu, akaamini, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Tangu hapo aliibeba kama kumbukumbu nzuri ya utoto wake: Jumapili, kijiji kimya, sauti zetu zikimfikia kutoka kanisani, naye peke yake na maji. Ndiyo maana aliiweka kwenye mchezo. Alidhani anatusifu.

Ukumbi ulinyamaza kuanzia mbele kwenda nyuma, kadiri watu walivyoelewa. Nilimtazama baba. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Na wimbo ule ulikuwa sauti yangu. Miaka yote ile nilikuwa juu kwenye jukwaa la kwaya nimefumba macho, na baba, huko chini, alikuwa anahesabu beti zetu kupima muda wa maji.

Padre alifungua mdomo aseme neno, lakini Sirili alimnyooshea kiganja. "Niacheni nimalize," akasema.

Akacheza. Wimbo ukaanza, kijitu chake kikakimbia hadi kwenye mringaringa, kikatoa kizibo. Mstari mweupe wa maji ukashuka taratibu, ukapita pembetatu moja, ukapita ya pili, ukafika kwetu. Vijiti vya kahawa vikainuka. Mashine ikapiga muziki wa ushindi, sauti zote tatu, wa furaha kweli, mrefu kuliko ilivyohitajika. Tuliusikiliza wote mpaka mwisho. Sirili akainuka, akamshukuru Emilian kwa adabu, akatoka. Baba naye akatoka kwa mlango mwingine.

Nyumbani baba hakupandisha sauti. Alimwita Emilian uani, mama na mimi tukisikia. "Kesho kikao kitakaa. Utawaambia umebuni. Mchezo ni mchezo, kila mtu anajua michezo inabuniwa."

"Na Mzee Sirili?" Emilian akauliza. Wakati huo mama alikuwa ameshamweleza habari zote, akilia.

"Sirili ameshazoea."

Sijawahi kumchukia baba ila kwa neno lile. Na bado nilimwonea huruma.

Wanawake hatukai kikao cha mfongo. Asubuhi yake mama na mimi tulisimama njiani, juu kidogo, tukijifanya tunakata majani ya ng'ombe. Wazee walikuwa wameketi kwenye mawe. Filemon, aliyekalia kiti cha baba siku ile, alimwuliza Emilian swali moja: mambo ya kwenye ile televisheni, umeyabuni au hukuyabuni?

Mama alinishika kiwiko, nami nilijua anaomba, na kwamba yeye mwenyewe hajui aombe ukweli au uongo. Emilian alikuwa kitindamimba. Kihamba, yaani shamba la ukoo, na nyumba ya baba, kwa desturi yetu, vilikuwa vyake. Neno moja la uongo, tena dogo, lingemweka hapo mpaka uzeeni.

"Muziki niliubuni," akasema. "Mengine niliyakuta."

Baba aliinuka. Alimpita mwanawe bega kwa bega, akasema bila kumtazama, "Nikirudi nyumbani nisikukute." Kisha akaja moja kwa moja hadi tulipokuwa, akakata isale kwenye ua wa jirani, akaniambia nikachukue kibuyu cha mbege nimfuate.

Isale ni jani la kuombea msamaha. Ukipelekewa, huwezi kukataa, hata kama aliyekuletea amemuua ndugu yako. Njia nzima hadi kwa Sirili mimi nilikuwa nyuma na kibuyu kichwani, nikijiuliza kwa nini mtu anaweza kulipeleka jani kwa jirani na hawezi kumpa mwanawe hata salamu.

Nikamwamkia Mzee Sirili shikamoo, akaitikia marahaba. Alilipokea isale kwa mikono miwili. Alilishika muda mrefu.

"Nimepokea, Basili. Sina la kufanya, nimepokea." Akamrudishia. "Sasa kampelekee Salvina."

Akamwonyesha nyuma ya nyumba. Baba akaenda kati ya migomba. Kaburi lilikuwa limezungushiwa masale marefu, yamestawi. Baba alisimama pale na jani lake mkononi, mtu mzima, na hakujua aliweke wapi. Sirili hakumsaidia. Tulikaa tukimsubiri mpaka mbege ikapoteza povu.

Tuliporudi, Emilian alikuwa ameshaondoka. Alikuwa amekifunga kisanduku chake kwenye blanketi akateremka Moshi, na kesho yake alikuwa Dar. Wazee wa ukoo walimsema baba, padre alimsema, mama alimsema hadi akachoka. Jibu lake lilikuwa hilo hilo: alishatamka. Naye Emilian, ukimwambia aje, anakuuliza, "Ameniita?" Wote wawili kichwa kimoja.

Lakini kila Krismasi baba alichinja, na kila Krismasi alitenga fungu la Emilian na kulitundika jikoni juu ya moshi, na likakaa hapo mpaka wageni wote waondoke. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Simu za mkononi zilipofika kwetu, nikampigia mdogo wangu siku ya Krismasi, mwaka wa elfu mbili na mbili, nikamwambia habari ya fungu. Alikuwa hajui.

"Fungu gani?" akauliza.

"Kidari."

Kidari kwetu ni nyama ya baba mwenye nyumba. Mtoto ndiye humtengea baba, haiendi upande wa pili.

"Na yeye anakula nini?"

"Shingo."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Nilisikia magari ya Dar nyuma yake, na mtu akiuza kitu. Kisha akasema, "Mwambie ale. Nyama isiharibike."

Nikaenda jikoni nikamwambia baba maneno hayo hayo, bila kuongeza wala kupunguza. Alikiteremsha kidari, akakikata vipande viwili sawa. Kimoja alikila, polepole, maana meno yalikuwa yamekwisha. Cha pili alikirudisha pale juu.