Chapa ya Abijah Dibble

Shemeji yangu Abijah Dibble hakuwahi kujitaja kwa jina moja. Hata ukimgongea mlango akiwa mezani anakula, alikujibu, "Abijah Dibble yupo, ingia." Alikuwa fundi mapipa, na kila pipa lililotoka mikononi mwake alilichoma chapa kwa chuma cha moto, DIBBLE, kwa herufi kubwa juu ya kifuniko. Sheria ilitaka kila fundi aweke chapa yake, sikatai, lakini haikutaka iwe kubwa namna ile. Mimi nilikuwa mjane wa mdogo wake. Nilikaa kwake na kumpikia tangu mkewe afariki, kwa hiyo kumcheka ilikuwa haki yangu.

"Shemeji, bado kidogo utawachoma chapa hadi kuku."

"Kuku sikuwatengeneza mimi. Ningewatengeneza, wangetaga vizuri zaidi."

Mwaka wa tatu wa vita ya kumkataa mfalme, jeshi lilitaka nyama ya nguruwe kutoka miji yetu yote ya Connecticut. Nguruwe tulikuwa nao. Kilichokosekana ni chumvi, maana meli za mfalme zilikuwa zimeziba bandari. Kila nyumba ikatoa ilichokuwa imeficha. Mimi nilitoa mtungi mzima niliousitiri nyuma ya magunia ya mahindi, na tangu hapo tukala uji na maharage yasiyo na chumvi, huku tukiambiana kwamba ni kwa ajili ya vijana wetu. Niliipanga nyama kwa mikono yangu ndani ya mapipa ya Abijah, nikayajaza maji ya chumvi hadi juu ili isioze, naye akapiga vizibo. Jirani yetu Asahel Crane, aliyekuwa na maksai wazuri kuliko wote pale, akayapakia kwenye gari lake, akaondoka nayo kuelekea kambini ng'ambo ya mto Hudson.

Majibu yalirudi kabla theluji haijaanza kuanguka. Aliyeyaleta ni Shemasi Treadway, mkuu wa kamati ya vita ya mji wetu. Nilimpa kiti, akakataa kukaa.

"Nyama imefika imeoza, Abijah. Mapipa makavu, hayana hata tone la maji. Askari wamelala njaa."

"Mapipa yangu hayavuji."

"Yamevuja."

"Shemasi, nisikilize. Abijah Dibble hajawahi..."

"Chapa yako iko juu ya kila moja. Jeshi zima limeisoma."

Akasema kamati imemkataza kutengeneza mapipa ya jeshi, na asishangae watu wengine nao wakiacha kumletea kazi. Kisha, macho yake yakiwa kwenye viatu vyake, akaongeza kwamba wapo wanaokumbuka jinsi Abijah alivyochelewa kuacha kumwombea mfalme kanisani. Hapo niliogopa. Siku zile mtu akishaitwa mtu wa mfalme, shamba lake lilikuwa halina mwenyewe.

Abijah alichukua mapipa aliyokuwa nayo, akayajaza maji na kuyapanga mbele ya nyumba kando ya barabara, kila mpita njia ajionee. Hayakutoa hata tone. Watu walipita, wakayatazama, wakasema, "Hayo ni ya kuonyesha." Kazi yetu ya jeshi wakampa fundi wa mji wa jirani, na mapipa yake yalifika kambini salama majira yote ya baridi, yakivutwa juu ya theluji kwa gari la kuteleza lisilo na magurudumu. Hilo likammaliza shemeji yangu kabisa. Alikaa karibu na moto akichonga vijiko vya mbao, na vijiko tulikuwa navyo vya kutosha.

"Labda yalivuja kweli," aliniambia siku moja, bila kuinua kichwa.

"Usiniudhi," nikamwambia. "Nimeyajaza mimi. Pipa linalovuja nalijua kabla hata halijavuja."

Lakini aliendelea kuchonga. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia kwa kukubali upesi hivyo.

Theluji ilipoyeyuka, Asahel alirudisha magurudumu kwenye gari lake, akaondoka na shehena ya kwanza ya mapipa ya yule fundi wa jirani. Siku chache baadaye ng'ombe wangu, Madoa, akawa harudi nyumbani jioni. Nilimfuata hadi chini ya Kilima cha Mawe, pale barabara inapoanza kupanda, nikamkuta yeye na nusu ya ng'ombe wa mji wamesongamana wanalamba tope. Hawalili jani. Wanalamba tope, tena kwa kusukumana. Nilimpiga Madoa kofi la matako, hakusogea. Nikachovya kidole pale alipokuwa analamba, nikaonja.

Chumvi.

Nilisimama katikati ya ng'ombe wale, nikalia kwa hasira, wala sioni haya kusema. Ule uji wote!

Nilirudi nyumbani na donge la tope ndani ya aproni. "Shemeji," nikamwambia Abijah, "onja."

"Umechanganyikiwa?"

"Onja kwanza, matusi baadaye."

Akaonja, akatema. Akaonja tena. Kisha akaweka kijiko chake chini, akachukua kofia, akaenda moja kwa moja kwa Shemasi.

Shehena iliyofuata ilipoondoka, Shemasi alimwambia Asahel kwamba anataka kunyoosha miguu, atamsindikiza kidogo. Abijah naye akataka kunyoosha miguu. Mimi nikasema namtafuta ng'ombe. Tukatembea nyuma ya gari, Asahel akitutupia jicho mara kwa mara na kuzungumza habari za mvua ambazo hakuna aliyemuuliza.

Chini ya Kilima cha Mawe maksai wakasimama. Hakuna aliyewaambia wasimame.

"Haya, twendeni!" Asahel akapiga kelele. "Hoya! Mmeingiwa na nini leo?"

Maksai wa kushoto aligeuza shingo, akayatazama mapipa, akangoja.

"Wanangoja nini, Asahel?" Shemasi akauliza.

"Wamechoka tu, Shemasi. Njia mbaya."

"Wamechoka, na ndiyo kwanza wametoka nyumbani?" nikasema. "Mbona mimi sijachoka, na miguu ninayo miwili tu?"

Abijah aliingiza mkono chini ya kiti cha gari, akatoa nyundo ya kung'olea vizibo. Mtu wa maksai hana kazi na nyundo ile.

Asahel akakaa juu ya jiwe. "Kilima hiki kimeniulia maksai, mnakumbuka," akasema. "Pipa likiwa na maji yake halipandi hapa kwa magurudumu, linawavuta wanyama nyuma. Nikajiambia, askari wanakula nyama, hawanywi yale maji. Nikayapunguza."

"Ukayapunguza!" nikasema. "Ukayamaliza!"

"Sikujua kama nyama itaoza, mama. Haki ya Mungu sikujua."

"Lakini baadaye ulijua," Abijah akasema, kwa sauti ya chini. "Ulijua na ukanyamaza. Ulikuja kwangu, ukaniona nimekaa pale motoni, ukaniambia pole."

"Nilitaka kukwambia."

"Ulichukua na kijiko!"

Kijiko alikichukua kweli, tena alichagua kile kizuri. Na kwa kuwa shehena ilibidi ifike, sote tulisukuma, Shemasi na koti lake jeusi, Abijah na mgongo wake mbovu, mimi na kelele zangu. Tulifika juu tukiwa hoi. Nikiri jambo moja, kile kilima si mchezo.

Jumapili iliyofuata Asahel alisimama mbele ya kanisa zima wakati Shemasi akisoma kosa lake. Kamati ikatangaza kwamba Abijah Dibble hana hatia. Wale waliomnong'ona wakaanza kuleta pai za matofaa makavu, wakizungumza kama walikuwa upande wake tangu mwanzo. Nilizipokea pai. Asahel aliendelea kubeba mizigo, maana mwenye maksai alikuwa yeye, ila vizibo sasa vilipigwa muhuri wa lakiri, kikifunguliwa kimoja ijulikane. Abijah akarudi kwenye karakana yake, na sikucheka tena alipopasha moto kile chuma cha chapa. Mji mzima ulikuwa umemsafisha, na tulidhani mambo yamekwisha.

Vita ilipoisha, askari walipita barabara yetu kwa miguu, wakirudi makwao kaskazini. Mmoja, kijana mrefu wa New Hampshire mwenye viatu vilivyofungwa kwa kamba, aliomba chakula. Nilimkalisha uani juu ya pipa tupu, nikampa maharage na nyama ya nguruwe ya chumvi. Abijah akakaa naye, kwa kuwa alipenda habari za jeshi.

Kijana alikula kwa raha hadi akafumba macho. "Mama, Mungu akubariki. Hii si dibble hata kidogo."

Mkono wangu ukabaki umeshika kijiko hewani.

"Si nini?" Abijah akauliza.

"Dibble, mzee. Nyama iliyooza. Jeshini ndivyo tunavyoiita. Ukiona askari wameziba pua, ujue leo tumegawiwa dibble."

"Nyote mnasema hivyo?"

"Wote, hata watu wa Virginia."

"Na neno lenyewe limetoka wapi?"

Kijana alifikiri, akitafuna. "Sijui. Nilipoingia jeshini nililikuta. Nadhani ni Kiholanzi."

Alikuwa amekalia pipa, na chapa ilikuwa inaonekana vizuri kati ya magoti yake. Kusoma hakujua. Nilitaka kumwambia kila kitu, habari ya kilima na maksai na ng'ombe wangu, lakini Abijah alinitazama, nikafunga mdomo. Akachukua kisu, akakata kipande kingine kikubwa cha nyama, akamwekea.

"Kula, mwanangu. Safari yako bado ndefu."

Kijana akamaliza, akasimama, akavua kofia. "Mama yangu ataniuliza ni nani aliyenilisha, ili amtaje kwenye sala. Nimwambie nani, mzee?"

Shemeji yangu alikuwa anafuta kisu kwenye suruali yake. Alikifuta upande huu, akakifuta upande wa pili.

"Abijah," akasema.

"Abijah nani?"

"Mwambie Abijah tu, fundi mapipa."