Miaka Miwili ya Ziada

"Huyu wako ana miaka mingapi?" jirani alimuuliza mjane siku moja, wakiwa kwenye foleni ya kuandikisha watoto darasa la kwanza.

Mjane alikuwa amemsindikiza jirani huyo tu. Lakini mwalimu aliyekaa mezani aliinua kichwa kusikiliza jibu, na jibu likawa gumu. Mume alikuwa na miezi miwili kaburini. Kazi ya kufua mashuka ya hospitali ilimsubiri Jumatatu, na mtoto hakuwa na wa kubaki naye. Tena mtoto mwenyewe, Mungu alimjalia mwili wa kutosha watu wawili.

"Saba," akasema.

Alikuwa na mitano. Daftari la shule likaandika saba, cheti cha kuzaliwa kikafuata daftari, na mama akabaki kuomba toba kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko.

Sasa mtoto amekuwa binti. Mtaa mzima humwita Tingatinga, naye huitika kwa furaha. Anarusha tufe. Alianza na jiwe la kuzuilia mlango, akatoboa ukuta wa choo cha mwenye nyumba, ndipo kocha alipokuja na tufe la kweli kuwaokoa wapangaji. Na kocha huyohuyo ndiye aliyemchagua kwenda kwenye tamasha la kimataifa la michezo ya vijana. Nchi chungu nzima, michezo zaidi ya ishirini, na kijiji chao wenyewe cha kulala.

"Mama, kule kila mtu ana kitanda chake," Tingatinga alikuwa akisema wiki nzima. "Na wana virefu. Nimeuliza."

Sharti lilikuwa moja: asizidi miaka kumi na nane. Tingatinga alikuwa na kumi na saba. Karatasi ilisema kumi na tisa.

"Karani wa vizazi akirekebisha cheti, anakwenda," kocha alisema. "Lakini ni leo, mama. Saa kumi dereva anachukua orodha ya wanaokwenda, hukohuko kwa karani."

Kwa hiyo tangu asubuhi walikuwa kwenye benchi la ofisi ya vizazi na vifo, mama ameshika kadi ya kliniki ya siku ile aliyojifungua. Ilikuwa imelainika kama kitambaa kwa kukaa ndani ya kitabu cha sala. Karani alikuwa amevaa kofia mpya ya tamasha, lebo bado inaning'inia.

Mbele yao aliitwa mkimbiaji wa mita mia nane. Kidevu chake kilikuwa kimenyolewa hadi kinang'aa.

"Shikamoo, mama," alisema akipita.

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, yule mdogo ndiye ana mafu..." Akanyamaza. Tingatinga akauma mtandio wake asicheke. Karani akakohoa, akagonga muhuri. Miaka kumi na sita, cheti bado kinanukia wino.

Zamu yao ilifika saa tisa. Mama alieleza yote bila kujitetea. Karani alimsikiliza, akaipindua kadi huku na huku.

"Mama, nakuamini. Lakini fomu ya kusema ulidanganya hatuna." Akavuta droo. "Jaza hii. Andika mtoto hajawahi kuandikishwa popote. Cheti cha zamani ukakichome jikoni. Nusu saa tu, binti anapanda ndege."

"Yaani niape kwamba hajawahi kuandikishwa?"

"Tarehe itakuwa ya kweli, si ndiyo unayoitaka?"

Mama alichukua kalamu iliyofungwa kamba. Alimwangalia binti yake, viatu vya michezo vimepasuka ubavuni, macho yote yako kwenye ile fomu. Kisha akaigeuza karatasi, akaandika upande wa nyuma, herufi kubwakubwa kama alivyofundishwa darasa la nne:

MIMI NI MAMA YAKE. NILISEMA SABA, ALIKUWA NA MITANO. NILIOGOPA KUKOSA KAZI. KADI YA KLINIKI NDIYO KWELI.

Karani alisoma, akaisukuma karatasi.

"Mama, nikipokea hii, kesho mtu ataniuliza na wale wengine niliwaandika kwa karatasi gani. Unanitakia nini wewe?"

"Mama, ungeandika tu," Tingatinga alinong'ona. Sauti ilikuwa ya mtoto kabisa.

"Nilitaka, mwanangu. Wallahi nilitaka. Lakini ungekwenda kule, na kila ukiliinua lile tufe, mimi huku ningekuwa najua umesimama juu ya nini." Akamshika kiganja kile kipana kwa mikono yake miwili. "Nisamehe. Miaka miwili nilikuibia mimi, si huyu karani."

Tingatinga alimfuta mama yake machozi kwa kidole gumba, akajifuta na yeye.

Nje dereva alipiga honi. Karani akaanza kutia orodha ndani ya bahasha, bila jina la Tingatinga.

"Basi, baba, gonga tu kwamba umeipokea," mama alisema. "Sikuombi uikubali. Ikae humu, isomwe na atakayekuja baada yako."

"Siwezi. Tumefunga."

Tingatinga alinyoosha mkono juu ya meza. Muhuri wa IMEPOKELEWA ulipotelea kiganjani mwake. Akaugonga juu ya maandishi ya mama yake, kalamu zikaruka, kofia ikamtelezea karani machoni. Karatasi akaiweka ndani ya jalada lililokuwa wazi, akalifunga.

"We binti! Hiyo ni mali ya serikali!"

Tingatinga akamwekea muhuri wake mkononi, taratibu, kama mtu anayempa mtoto yai, akamshika mama yake mkono, wakatoka.