Mama Mkwe Azamia Usiku

Mama Mashine, fundi cherehani, alikuwa na miaka hamsini na sita alipoamua kuzamia baharini usiku, na mtu wa kumpeleka alikuwa mmoja tu: mkwe wake, ambaye kwa miaka saba hakuwa amezungumza naye zaidi ya salamu.

Chanzo kilikuwa binti yake, kitindamimba wake. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize chuo cha uuguzi. Likizo moja akaenda kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, akarudi nyumbani uso unameremeta, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameacha chuo na kuolewa na mwalimu aliyemfundisha. Familia mbili zilipokutana, Mama Mashine aliuliza mbele ya wote, "Huyu kijana kazi yake hasa ni nini? Kutoa mapovu?" Watu wakacheka, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Mapovu. Mwenyewe hakununa. Aliliandika jina hilo kwa rangi ya bluu juu ya mlango wa duka lake la kuzamia, na wateja wakalipenda.

Kila alipokuja kumwamkia mama mkwe wake, Mama Mashine aliitikia, akamwekea kiti, kisha akakumbuka kitu jikoni. Kitu hicho hakikuisha mpaka mgeni alipoaga.

Kilicholegeza mambo ni cherehani. Binti alimletea mama yake suti ya mpira iliyochanika gotini, akamwomba ajaribu. Mama Mashine akaitia gundi, akaishona kwa uzi mnene, ikarudi majini bila kuvuja. Baada ya hapo zikaja nyingine, mpaka akawa anazijua suti za lile duka kuliko waliozivaa: nani kanenepa, nani anaburuza makalio kwenye mawe. Mwisho akaona haya kushona nguo za safari asiyoijua. Akapimwa na daktari, akajifunza asubuhi asubuhi kwa dada aliyekuwa msaidizi wa Mapovu, kwanza bwawani, halafu karibu na gati. Akafaulu. Mapovu alijua yote hayo na akajifanya hajui.

Kisha binti akapata ujauzito, na daktari akamkataza kuzamia. Jioni moja, mimba ikiwa ya miezi saba, alikuwa amelala kwenye kochi la mama yake, miguu juu ya mto.

"Mama, kuzamia mchana nimeshazoea kukosa," alisema. "Ninachokosa ni usiku."

"Usiku kuna nini?"

Binti alifikiri kidogo. "Sijui nikuambieje. Nenda ukaone."

Maneno hayo yalimkaa kichwani wiki nzima. Dada msaidizi alipomwambia kwamba usiku haruhusiwi kupeleka mwanafunzi, alivaa viatu akaenda dukani mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Mapovu alisema akiruka kutoka kwenye kiti.

"Marahaba. Leo nimekuja kama mteja. Nataka kuzamia usiku."

Mapovu akarudia valvu ya mtungi aliyokuwa anaifunga. Aliendelea kuikaza hata baada ya kufungika.

"Mama, si dada yupo..."

"Kaniambia ni wewe."

"Ni mimi," alikubali, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

Wakapanga Alhamisi, saa moja na nusu usiku. Mama Mashine alifika kabla ya saa moja, akavaa suti aliyoishona kwa mikono yake, akafunga mtungi mgongoni. Utaratibu ulikuwa kwamba mwalimu akague mikanda ya mwanafunzi, na mikanda yenyewe ilipita kifuani. Mapovu alisimama mbele yake, mikono hewani, kama mtu anayepokea mtoto bila kujua amshike wapi.

"Mkwe," alisema Mama Mashine, "nikifa maji kwa sababu ya aibu yako, mke wako atakuuliza."

Mapovu akakagua kifungo kimoja kimoja, macho yakiwa darini.

"Chini hatutaongea," alisema alipomaliza, na hapo sauti yake ikawa ya mwalimu. "Tochi ndiyo mdomo wetu. Ukichora duara nayo, mambo ni salama. Ukiipunga huku na huku, una shida. Nikikuonyesha kidole gumba juu, maana yake tupande. Na tafadhali mama, usinimulike machoni."

Waliteremka kwa ngazi ya gati. Maji yalikuwa ya vuguvugu na meusi tii. Mita mbili, mita tatu, masikio yakazibuka vizuri. Walipofika mita tano ndipo hofu ikamvaa. Tochi ilimwonyesha kipande cha dunia kisichozidi sinia. Kilichobaki chote kilikuwa nyuma yake. Akageuka kutazama nyuma, na giza nalo likahamia upande mwingine. Pumzi zikaanza kukimbizana. Maji kidogo yakaingia kwenye miwani. Akapunga tochi kama anayefukuza nyuki.

Mapovu alikuwa mbele yake kabla hajamaliza. Akamshika mikono yote miwili na kuikaza. Kisha akaweka kiganja chake mwenyewe kifuani, akakiinua polepole, akakishusha polepole, akakiinua tena. Alimtazama usoni bila kupepesa, yeye ambaye kwa miaka saba alikuwa anamtazama viatu. Mama Mashine akafuata kile kiganja. Mara ya kumi hivi, pumzi zikatulia. Akakumbuka somo la bwawani: akabana miwani juu, akapuliza kwa pua, maji yakatoka.

Mapovu akaonyesha kidole gumba juu, kichwa akikiinamisha kwa kuuliza.

Ngazi ilikuwa palepale karibu, na hakuna ambaye angemcheka. Mama Mashine akatikisa kidole cha shahada: hapana. Kisha akachora duara.

Wakashuka mpaka mita tisa, mkono kwa mkono. Kaa alipita akikimbia kiupande. Pweza akajikusanya juu ya jiwe, akabadilika kutoka hudhurungi kuwa mweupe, akaondoka zake. Halafu Mapovu akamvuta taratibu hadi kwenye ufa wa mwamba, akamulika kwa pembeni.

Ndani alikuwamo pono. Maisha yake yote Mama Mashine alikuwa akisema fulani analala kama pono, lakini pono aliyemjua ni wa sokoni, aliyekodoa macho juu ya barafu. Huyu alikuwa usingizini kweli, amejifunika kitu chembamba kinachoonyesha ndani, kama chandarua alichojitengenezea mwenyewe. Mama Mashine alisogeza uso atafute mshono. Hakuuona.

Baadaye, kwenye mchanga mtupu, Mapovu aliibana tochi yake kifuani na kumwonyesha naye afanye vivyo hivyo. Giza likafunga. Alihisi vidole vya mkwe wake vikimtikisa mkono, na pale mkono ulipopita, cheche za kijani zikawaka na kuzimika. Akapunga mkono mwingine. Akapiga mateke. Kila alipogusa, maji yalimjibu kwa mwanga, hata pumzi zake zilipanda zikimetameta hadi zikapotea. Alicheza hivyo, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mpaka Mapovu alipomgusa bega kumkumbusha hewa.

Walipoibuka, walishika ngazi, kila mmoja upande wake.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nilijaribu, mama. Ulikuwa jikoni."

Mama Mashine alicheka mpaka akameza maji. Alipomaliza kukohoa alisema kwa upole, "Nilikuchukia kwa ajili ya kile chuo. Niseme ukweli."

"Najua. Mimi mwenyewe nilimsihi amalize kwanza. Tuligombana wiki nzima."

"Huyo hasikii mtu."

"Hasikii." Mapovu alishusha sauti. "Mwezi uliopita alijaza fomu za kurudi chuo. Hajakuambia kwa sababu anaogopa kukupa matumaini halafu ashindwe. Hatujui mtoto atabaki na nani akiwa darasani."

Mama Mashine aliishusha miwani yake shingoni.

"Mchana niko na cherehani yangu," alisema. "Mtoto anazoea ile kelele. Mama yake alikulia chini ya meza ileile."

Mapovu akajishughulisha na kumvua mama mkwe wake viatu vya mapezi ili apande ngazi.

Walipoingia dukani, wakichuruzika maji, binti alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha vifaa, kandambili miguuni. Daktari alikuwa amemwambia apumzike kitandani. Aliwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, akitafuta dalili ya ugomvi.

"Haya," alisema kwa wasiwasi, "ilikuwaje?"

Wote wawili wakaanza kumjibu kwa pamoja.