Mama Anapenda Vidogo

...na sasa kiboksi kipo mapajani pake, chepesi kama hakina kitu, utepe umefungwa kwa mapambo mpaka mtu unauonea huruma kuufungua, na mkwewe kasimama mbele yake, mikono kifuani, uso unameremeta, "Fungua basi, mama, tuone utakavyofurahi," tuone utakavyofurahi, yaani furaha yenyewe wameshaipanga, kazi yake yeye ni kuitoa tu, na mwanawe, fundi wa friji, begi la spana hajalitua begani, yuko mlangoni anachekacheka, na kidole cha mama kimeingia kwenye fundo la utepe kikakaa hapo hapo, hakiendi mbele hakirudi nyuma, kwani hajui kilichomo, kitakuwa kimeza, au kibirika cha kuchemshia maji ya sisimizi, au kitanda cha kulala mende na mkewe, miaka arobaini na mbili anapewa vitu vya namna hiyo, vizuri, hakatai, kazi ya mkono, droo zinavutika, vimlango vina bawaba, lakini aliomba nani, siku gani alifungua mdomo wake akasema nileteeni kitanda cha mende... "Mama anapenda vidogo," ndivyo wanavyosema, mtu akienda safari, mama anapenda vidogo, mtoto akizaliwa, mama anapenda vidogo, hata mwalimu wa mjukuu, asiyemjua kwa sura, alimletea kifagio urefu wa njiti ya kiberiti, naye akakipokea kwa mikono miwili, jamani, kizuri, asante, utasema nini mbele za watu, na yote haya kayaanzisha marehemu mumewe, Mungu amlaze pema, lakini kayaanzisha yeye, seremala wa kusifiwa yule, na mkewe dobi, kutwa anapiga pasi mashuka ya watu, anakunja, anapanga kwenye makabati ya watu, akirudi kwake nguo zake ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akitaka gauni la chini apige magoti avute atoe zote, akamwambia, baba watoto, kabati tu, mengine nimekusamehe, akajibu nimekusikia, na akalitengeneza kweli, miezi mitatu, mlango mmoja una kioo, yeye mwenyewe alilipiga msasa na vanishi upande wa nyuma, mtoto mgongoni, ameshaamua mashuka yatakaa wapi na vinepi vitakaa wapi, halafu akaja mke wa daktari, akaliona, akalipenda, likaondoka juu ya mkokoteni yeye anaangalia, jioni mume akaingia na kitu kwenye gazeti, kabati lile lile, mbao ile ile, na kioo chake, ila la kusimama kiganjani, "Kubwa la mteja, dogo lako," akasema, na yeye akalia, akalia mpaka kamasi, na yule mwanamume akamkumbatia, kesho yake karakana nzima inajua, mke wangu kalia kwa furaha, hamjaona mtu anapenda vidogo vile, kwa furaha, eti, na wiki ya pili yuko kwa mke wa daktari anapanga mashuka ya wenyewe ndani ya lile kubwa, akaona alama ya kidole chake kwenye vanishi nyuma ya mlango... "Na siyo hicho tu, mama," mkwe anaendelea, kumbe alikuwa anaongea kitambo, "vitu vyako vimebanana kule sebuleni, vumbi tupu, tumeona tuvipe hiki chumba chako, kina dirisha, kina mwanga, tuweke rafu ukuta mzima na vitaa vidogo vidogo, na wewe tukuhamishie kile cha nyuma, kimetulia, hakuna kelele za barabara," kimetulia, kile ni stoo, kina friji tatu mbovu na kidirisha sawa na daftari, kwa hiyo viti visivyokaliwa na mtu vipate jua, na yeye mwenye makalio akakae gizani, "Friji nitazitoa, mama," mwanawe anasema, "mbili nitazitoa," mbili, basi kapendelewa, na maneno yamepanda mpaka kooni, makali, leo atayasema, wabebe vitanda vyao vya mende wakalale wenyewe... lakini huyu mtoto wa watu jasho linamtoka puani, anamtazama kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani, ubaya hana, kaolewa hapa akaambiwa mama anapenda vidogo, akashika hivyo hivyo, nani angemwambia vingine, marehemu hakujua, huyu fundi wa friji ndiye alikuwa mgongoni ananyonya kidole, duniani kote hakuna anayejua yale machozi yalikuwa ya nini ila yeye, na yeye kayanyamazia miaka arobaini na mbili, kila mwaka anayapokelea zawadi, na hasira haikupoa, iligeuka tu ikamtazama yeye, wewe mama wewe, mdomo si ulikuwa nao, kwa mume ulinyamaza, kwa mwalimu ulinyamaza, na stoo utaingia umenyamaza, utasema jamani, kizuri, asante... hapana, hahami mtu hapa, dirisha ni lake, na kwenye ukuta huu mkwe anaoutaka kwa rafu litakaa kabati, la mbao, la kutundika gauni likaning'inia bila kugusa chini, mlango wa kioo uelekee huku ajione akivaa, mashuka yake mwenyewe rafu ya juu, hapana, ya kati, mikono siku hizi hainyanyuki, na atalitamka mwenyewe kwa kinywa chake, tena kidole hiki kikitoka tu kwenye fundo, "Mama," mkwe anasema, sauti imeshuka, "mbona hufungui?" naye anamsikia, kwa mbali, anaupima ukuta kwa macho, toka dirishani mpaka kwenye kona, halafu anaupima tena, polepole, asije akakosea akaagiza dogo.